Mama Hajui Kula Peke Yake

Mama yangu hajui kula peke yake. Sisemi hivyo kumsifu. Nasema kama mtu anavyosema fulani hajui kuogelea. Ukimwekea sahani ukaondoka, ataitazama mpaka ipoe, kisha ataifunika kwa kitambaa na kusema ameshiba. Ana beseni moja la enameli, la bluu, lililobanduka rangi ukingoni, na bukari, yaani ugali, anayopakua humo ni ya watu sita hata siku ambayo nyumbani yuko yeye na paka. Siku hizi yuko yeye na paka. Watoto waliokuwa wakija kula naye hawaji tena, na mama anakonda. Hiyo ndiyo habari yangu yote, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Nilizaliwa katika nyumba hiyohiyo, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, hapa Kamina. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangwa mstari, zote sura moja, hata mlevi aliweza kuingia ya jirani akalala vizuri mpaka asubuhi. Hapakuwa na ukuta. Kati ya lupango letu, kiwanja cha nyumba, na la jirani palikuwa na mashina machache ya mihogo, na mbuzi walipita hapo kama sisi tulivyopita. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Saa yetu ilikuwa king'ora cha karakana: kililia asubuhi, baba akaenda, kililia saa sita, wanaume wakarudi kula, kililia jioni, na mtoto aliyekuwa bado porini alijua kuwa amechelewa. Hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Na tulikwenda kweli. Mvua za kwanza zikishapita tulifuata reli mpaka mji ukaisha, tukaingia msituni kutafuta masuku, matunda ya mwitu ya rangi ya udongo, matamu kuliko peremende yoyote ninayowakataza wanafunzi wangu leo. Tuliokota kumbikumbi. Tulipanda mabehewa yaliyoachwa pembeni, tukawa abiria wa kwenda Kinkondja, mmoja wetu akiwa mkaguzi anayetushusha kwa kukosa tiketi. Tulirudi na magoti yaliyochunika, na mama wa kwanza kutuona ndiye aliyetuosha, au kutupiga, au vyote viwili, kwa utaratibu huo. Ukipigwa na mama wa tatu kutoka kwenu hukwenda kusema nyumbani, maana ungeongezwa.

Lakini nikikaa kukumbuka, si masuku ninayoyatamani. Ni kule kula. Mtoto wa kambi alikula pale njaa ilipomkuta. Ukiingia kwa watu mikono yao ikiwa ndani ya bukari, hukuwa na ruhusa ya kusimama. Ulinawa, ukachuchumaa, ukatia mkono. Aliyesimama akijidai ameshiba alizabwa kofi, kwa kuwa alikuwa anamdharau mama wa nyumba ile. Ukimaliza ulipiga makofi matatu, polepole, ukasema "wafwako", asante yetu ya Kiluba, hata kama wenye nyumba walikuwa watu wa Kasai wasiojua Kiluba hata kidogo. Walikuwa wakikujibu kwa lugha yao, na mambo yaliishia hapo.

Mama alipenda kusema kwamba mlozi humjui kwa macho mekundu wala kwa bundi juu ya paa. Unamjua kwa mlango. Anayefunga mlango ili ale na sufuria yake, huyo ndiye. Wazee wetu wote walisema hivyo, ndiyo maana hata aliyekuwa na dagaa kumi alikula nje, watu wakimwona, na akaombea mtoto fulani apite.

Nilipokuwa na miaka minane hivi nilipotea siku nzima na usiku wake. Kupotea ni neno la leo. Wakati ule tuliita kuchelewa. Wake za askari walikuwa wakija sokoni kutoka Baze, ile kambi kubwa ya jeshi iliyo mbali na mji, kwa lori la jeshi, na walirudi nalo jioni. Nilikuwa nimepata rafiki, binti wa mmoja wao, tukicheza chini ya meza za soko. Lori lilipoondoka mimi nilikuwa ndani, kwa sababu mchezo haukuwa umekwisha. Kufika Baze, mama yake alihesabu vichwa akapata kimoja cha ziada. Alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na sombe yetu, majani ya mihogo, yeye aliiita pondu. Alinitazama, akacheka, akanionyesha sinia kwa kidole. "Yaka kolia," akasema. Sikujua Kilingala, lakini maneno hayo hayahitaji kufundishwa. Nilikula na watoto wake, nikaogeshwa nao kwa sabuni ileile, nikalala katikati yao mkekani, na asubuhi lori likanirudisha sokoni.

Nilimkuta mama akitwanga. Kuna mtu alikuwa amemwambia aliniona kwenye lori la Baze, na hilo lilimtosha. Hakuacha hata mchi. Aliniuliza, "Ulikula nini?"

"Sombe na samaki ya chumvi."

"Iko na mawese?"

"Iko."

"Ulisema wafwako?"

Sikuwa nimesema. Niliona aibu kusema Kiluba mbele ya watu wasiokijua. Ndipo nilipopigwa. Nilipigwa kwa ajili ya asante, sikupigwa kwa ajili ya kupotea, na wiki iliyofuata mama alinituma sokoni na kikapu cha viazi vitamu nimpe yule mke wa askari, nipige makofi mbele ya soko zima na kusema neno langu.

Nikiwasimulia walimu wenzangu kisa hiki wanashika vichwa. Nami nisijifanye shujaa: nikikitazama kwa macho ya mama mwenye binti wa umri uleule, mwili unanisisimka. Lori la askari, mtoto wa kike, usiku, nyumba asiyoijua. Siwezi tena kukikumbuka kwa furaha tupu. Hilo linaniudhi kuliko mambo mengi ya mji huu. Hata kumbukumbu yangu imejengewa ukuta, na aliyeujenga ni mimi.

Kuta zenyewe zilikuja polepole. Treni zikawa chache, king'ora kikanyamaza siku moja na hakuna aliyetangaza kuwa kimenyamaza. Wafanyakazi wa zamani walikufa au walirudi vijijini kwao, nyumba za kambi zikauzwa moja moja. Wakaja watu wa Kaniama, wakaja wajane wa askari, wakaja wafanyabiashara. Si watu wabaya. Wengine wananisalimu kwa heshima kuliko wale wa zamani. Lakini kila aliyenunua alianza na ukuta kabla ya choo, na juu ya ukuta akapanda vipande vya chupa. Kisha zikaja simu, na katika simu picha za watoto waliopotea sehemu tusizozijua, na sauti inayosema mpelekee mwenzako haraka. Kisha mwisho wa mstari wetu ikafunguliwa nyumba ya maombi, na huko wanafundisha kwamba ulozi hupitia chakula. Mtoto anapewa karanga mchana, wanasema, na usiku aliyempa anamjia ndotoni na kumwambia: umekula changu, sasa wewe ni wetu.

Mimi siamini hayo. Ni Mkatoliki, nimesoma, nafundisha darasa la tatu. Lakini mtu anaweza kuwa haamini na bado akafunga mlango. Mkuu wetu wa shule alipotuagiza tuwafundishe watoto kujilinda, alituletea sentensi ya kuandika ubaoni: Sipokei chakula kwa mtu nisiyemjua. Niliiandika. Halafu nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama, nikaona haitoshi. Wezi wa watoto, nilijiambia, siku zote ni watu wanaojulikana. Nikafuta mwisho wake na kuandika kwa mkono wangu, kwa chaki yangu: Sipokei chakula kwa mtu yeyote, hata ninayemjua. Kila asubuhi baada ya sala darasa zima linaisema, mikono nyuma. Anayeisema bila kukosea namwambia "vizuri", na wenzake wanampigia makofi matatu. Binti yangu yuko katika darasa hilo, dawati la mbele, na tangu wiki ya kwanza hajakosea.

Mama hakujua lolote kuhusu ubao wangu. Yeye aliendelea na beseni lake. Lango lake ni la mabati, la mwisho kujengwa katika mstari wetu, na hulifungua saa tisa, watoto wanapotoka shuleni, akaweka mkeka palepale mlangoni ili asionekane anajificha. Walikuja sita, saba, na mifuko mgongoni. Waliochelewa waligombania ukoko. Mama alikuwa akiwapakulia kwanza wao, yeye akatia mkono kati ya mikono yao, na nadhani kwa siku nzima hiyo ndiyo saa aliyokula. Niliwahi kumkuta anawafundisha makofi. Mtoto wa mfanyabiashara, mwenye viatu vinavyowaka taa, alikuwa anasema "wafwako" kwa sauti ya kukemea mbwa.

Mvua zilipoanza, mtoto wa nyumba ya pili alishikwa na homa. Mama yake alinisubiri njiani siku nilipokuja kumsalimu mama. Ni mwanamke mpole, tunaimba naye kwaya moja.

"Mama mwalimu, minyi siko na neno na mama yenu," alisema. "Ni muzee, tunamueshimia. Minyi naomba tu mutoto yangu asikule tena pale."

"Juu ya nini?"

"Hapana kitu. Alikula pale juzi, na usiku moto ikamushika."

"Ni malaria, mama. Mvua imeanza. Batoto bote beko na malaria."

"Njo vile docteur naye alisema." Alikubali mara moja, bila ubishi, na hilo ndilo lililonimaliza. "Lakini minyi niko mama."

Hata mimi ni mama. Tuliagana vizuri, akaniuliza hali ya mume wangu.

Mtoto alipona kwa siku tatu. Nilimwona akikimbiza tairi ndani ya ukuta wao, mzima kabisa. Lakini wiki hiyo walikuja watoto wanne, wiki iliyofuata wawili, kisha yule mwenye viatu vya taa peke yake, mpaka dada wa kazi akaja kumchukua kwa mkono na matonge mdomoni. Baada ya hapo hakuja mtu. Hakuna aliyemtukana mama. Hakuna aliyetamka neno ulozi mbele yangu. Laiti wangelitamka. Ningempeleka mtu kwa shefu wa mtaa, ningepiga kelele, ningelia mbele ya watu, ningeshindwa lakini ningekuwa nimepigana. Nilizunguka nyumba nne. Kila nyumba nilipewa kiti na soda, na kila mama aliniambia kwamba yeye binafsi hana shida, ila wengine wanasema. Wanasema nini? Ah, mama mwalimu, unajua bantu. Lisemwalo lipo, mmoja akaniambia, na mara akaona amekwenda mbali, akaniongezea soda.

Nilikwenda kwa padri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tuombe. Tuliomba. Jumapili hiyohiyo mama aliketi kanisani kwenye benchi ambalo kwa kawaida hubana watu saba, na pande zake mbili palikuwa na nafasi ya kulaza watoto. Alifurahi kupata hewa.

Maana yeye alidhani kosa ni mapishi. Hili sikulitegemea, na sikujua nifanye nini nalo. Nilimkuta siku moja ameonja sombe yake mara tatu, amekunja uso.

"Labda chumvi," alisema. "Batoto ba siku hizi habapendi chumvi mingi."

Akapunguza chumvi. Watoto hawakuja. Akaongeza karanga. Akamtuma mwenye baiskeli amletee samaki waliokaushwa Kinkondja, wale wanene, akawachemsha na mawese mpaka harufu ikavuka kuta zote za mstari wetu pamoja na chupa zake. Nilikuwapo. Nyuma ya ukuta wa jirani nilisikia mtoto akisema kitu kuhusu harufu ile, na sauti ya mama yake ikimnyamazisha. Mama alikuwa anatazama lango.

"Batoto beko wapi?"

"Beko ku masomo, mama. Siku hizi wanawachelewesha."

Akatikisa kichwa kwa kuwahurumia. Ilipofika likizo akaniuliza tena, nikasema wamekwenda vijijini kwa wajomba. Mimi, ninayewapigisha magoti watoto wa watu kwa uongo wa kalamu iliyopotea, nilimdanganya mama yangu wiki baada ya wiki, na kila mara aliniamini, au mimi nilidhani aliniamini.

Nilijaribu kula naye mwenyewe. Ninaishi ng'ambo ya reli, nina mume anayeumwa mgongo na madaftari hamsini ya kusahihisha, siwezi kufika kila siku, lakini nilikuja Jumatano na Jumamosi, nikachuchumaa mbele ya beseni kama zamani. Mama alitia mkono mara mbili kwa adabu, akauondoa.

"Kula, mama."

"Weye haiko tena mutoto," alisema, bila ukali. "Minyi napakuliaka batoto. Nikiona benye kukula, njo nasikia njaa."

Nilimwomba ahamie kwangu. Akasema baba alimwacha pale, na akitafutwa atatafutwa pale. Nilianza kumshika mkono kila nilipoagana naye, nikijifanya namsalimu, na kumbe napima mkono umekonda kiasi gani.

Nikabaki na mtoto mmoja katika mji mzima ambaye ningeweza kumleta bila kuomba ruhusa ya mtu. Nitasema ukweli: nilichelewa kumkumbuka, na sidhani kwamba nilisahau. Tangu shule ifunguliwe tulikuwa tunapita na binti yangu kwa bibi yake, tunasalimu, tunaondoka. Mara mvua inakuja, mara madaftari. Madaftari yangengoja. Siamini ulozi, nimeshasema, na mama yangu namjua kuliko ninavyoijua sala ya Baba Yetu. Lakini miguu yangu ilikuwa inamtoa mtoto lupangoni kabla sufuria haijaiva, na mimi niliifuata miguu yangu bila kuiuliza.

Basi Jumapili moja nikakata shauri. Nilimtumia mama habari kwamba tutakula kwake baada ya misa, mjukuu wake ana njaa yake. Tulipofika, moto ulikuwa unawaka tangu asubuhi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kuendea sikukuu. Alikuwa amechambua samaki, ametoa miiba mmoja mmoja kwa vidole ambavyo siku hizi haviwezi kuvuta uzi kwenye sindano, ili mtoto asikwame. Beseni lilikuwa limeoshwa mpaka rangi iliyobaki ikang'aa.

"Mukazi mwenzangu," alimwita mjukuu wake, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu. "Kuya. Leo tutamukulia bwana yetu chakula yote, tutamuachia mifupa." Bwana mwenyewe, baba yangu, ana miaka mingi kaburini. Binti yangu alicheka, akakaa kwenye mkeka.

Niliona ni heri niwaache. Nilijiambia kwamba mtoto hula vizuri asipotazamwa, na kwamba mama atakula vizuri zaidi nisipomhesabia matonge. Nikachukua ndoo nikaenda bombani, nyumba nane kutoka pale. Foleni ilikuwa fupi. Nilimpisha mmoja, nikampisha mwingine. Yule mama wa kwaya alikuwapo, akanisaidia kujitwika. Nilimwambia kwa sauti ya kusikika kwamba binti yangu anakula leo kwa kambo, yaani bibi yake. "Muzuri," alisema, akatazama ndoo yake.

Niliporudi, mkeka ulikuwa umekunjwa. Beseni lilikuwa mezani ndani, limefunikwa kwa kitambaa. Mama alikuwa ananawa mikono, na binti yangu amekaa kwenye kizingiti akichezea mkia wa paka.

"Tulikula," mama alisema kabla sijauliza. "Mukazi mwenzangu alikula sana. Kesho utaniletea unga."

Sijui niseme nilifurahi vipi. Nilimwaga maji nusu kwa kutua ndoo vibaya. Nilisema maneno mengi ya kipuuzi, kwamba nitamleta kila Jumapili, kwamba nitamleta hata Alhamisi, kwamba watoto wengine wataona na watarudi mmoja mmoja, maana mtoto humfuata mtoto. Mama alikuwa anajibu "njo vile, njo vile", akifuta meza iliyokuwa safi. Alitusindikiza mpaka langoni. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza sikuupima.

Njiani niliimba. Mtoto aliruka juu ya madimbwi. Tulipofika kwenye reli, pale tulipokuwa tukiingia mabehewa ya kwenda Kinkondja bila tiketi, nilimshika bega na kumuuliza kama nilivyoulizwa mimi, nikitaka tu kusikia neno samaki na neno mawese.

"Ulikula nini kwa kambo?"

"Sikukula kitu, mama."

Alisema wazi, kifua mbele, mikono nyuma.

"Kambo alisema mulikula."

"Alinipa, nikakatala. Nikamuambia: Sipokei chakula kwa mtu yeyote, hata ninayemjua." Hakukosea hata silabi. "Akauliza nani alinifundisha ile. Nikasema ni mama. Akafunika beseni. Akaniambia ukiniuliza, niseme tulikula, juu usisikie mubaya." Akafikiri kidogo. "Lakini kudanganya ni mubaya."

Niligeuka kutazama nyuma. Kutoka relini nyumba ya mama haionekani tena, zinaonekana kuta. Ningerudi kumwambia nini? Kwamba si mtaa, si nyumba ya maombi, si chumvi? Alikuwa ameshaambiwa. Na kama alijua kunitungia uongo huo haraka kiasi kile, basi na wangu wote, wa masomo na wa likizo na wa wajomba, alikuwa ameupokea akiujua, akautikisia kichwa ili mimi nisione aibu. Alinyamaza na njaa yake ili niimbe njiani.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, mikono nyuma, ananitazama usoni. Alikuwa anangoja. Kila asubuhi anayesema sentensi ile bila kukosea hupewa haki yake, na yeye hakuelewa kwa nini leo inachelewa.

"Vizuri," nikasema.

Akajipigia makofi matatu, tukavuka reli.